Jiko la Pipa: Maji Kwanza, Tindo Baadaye

Nusu ya pipa la chuma la lita 200 hutosha kutengeneza jiko la kuni la kupikia sufuria kubwa, kama ya shule au ya harusi. Lakini kabla hujashika nyundo, uliza: pipa hili lilibeba nini?

Kama lilikuwa la dawa ya wadudu, liache kabisa. Usidanganyike kwamba ukiliosha limetakata. Kama lilikuwa la petroli, usidhani ni tupu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hubaki ndani mafuta yakiisha. Cheche moja tu ya tindo, pipa linalipuka. Kukata kwa moto wa gesi ni hatari zaidi. Mafundi hodari wamekufa hivyo.

Bora utafute lililobeba mafuta ya kula. Hata hilo, lijaze maji mpaka yafurike, mvuke utoke. Kata kifuniko maji yakiwa bado yamo. Kisha mwaga, osha kwa sabuni, ndipo ukate katikati.

Kazi iliyobaki ni nyepesi. Toboa mdomo wa kuni kwenye nusu yenye kitako. Panga nondo ndani, juu kidogo ya kitako, hewa ipite chini ya kuni. Kandika kuta kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu, unene wa vidole vinne. Udongo hutunza joto. Juu weka vinundu vitatu vya kubeba sufuria, moshi upate njia.

Acha likauke kivulini. Moto wa kwanza uwe mdogo, tena nje, maana rangi ya pipa itaungua. Nyufa zikitokea, ziba kwa udongo uleule.