Miuoni za Manyatta na Saa Zinazochelewa

Nyoosha kiganja katika shamba lolote la chai huko Manyatta, kaunti ya Embu, na takriban kila sekunde chembe moja itapenya mkono wako bila wewe kuhisi kitu. Chembe hizo huitwa miuoni. Huzaliwa kilomita 15 hivi juu ya usawa wa bahari, miali kutoka anga za mbali inapogonga hewa, na kwa wastani huishi mikrosekunde 2.2 tu. Hata ikikimbia karibu sawa na mwanga, miuoni yenye umri huo ingesafiri kama mita 660 kisha ioze. Kwamba zinateremka hadi kwenye majani ya chai ni ushahidi kuwa saa inayosafiri huenda polepole, kama Albert Einstein alivyoonyesha mwaka 1905.

Sababu yenyewe haihitaji hesabu nzito. Chukulia matatu inayotoka Embu kwenda Meru, na ndani yake mwali wa mwanga unadunda kati ya kioo cha sakafuni na cha darini, kila mdundo ukiwa tiki moja ya saa. Abiria huuona mwali ukipanda na kushuka wima. Aliyesimama kando ya barabara huuona ukienda mshazari, kwa kuwa gari limesogea, na njia ya mshazari ni ndefu zaidi. Ungekuwa mpira, tungesema umeongezewa mwendo wa gari, hivyo muda haubadiliki. Mwanga hauongezewi: kasi yake ni ile ile kwa kila apimaye, na wanasayansi Michelson na Morley waliitafuta tofauti mwaka 1887 wakaikosa. Njia ikirefuka na kasi isibadilike, lazima muda kati ya tiki na tiki urefuke.

Huenda msomaji akasema hiyo ni hitilafu ya saa ya vioo tu. Lakini miuoni haina springi wala gurudumu la kuharibika, nayo huchelewa vile vile. Pingamizi zito zaidi ni hili: kwa upande wa miuoni, Manyatta ndiyo inayokimbia, kwa hiyo saa zetu ndizo zinazochelewa. Ni kweli kabisa, wala hakuna mgongano. Kwa miuoni umri ni ule ule mfupi, ila safari ndiyo iliyofupika, kilomita zaidi ya kumi zikawa mamia ya mita. Pande zote mbili zinakubali kwamba chembe imefika.

Mwaka 1963 wanafizikia Frisch na Smith walichapisha vipimo vya mlima mmoja wa Marekani wenye mita 1,900 hivi, kimo kinachokaribiana na cha ukanda wetu wa chai. Juu walihesabu miuoni zipatazo 560 kwa saa. Bila muda kurefuka, 27 tu zingefika usawa wa bahari. Walihesabu zaidi ya 400. Jaribio hilo linaweza kurudiwa hapa Kenya: Chuo Kikuu cha Embu kihesabu huku mlimani, Chuo Kikuu cha Pwani kihesabu Kilifi, na wanafunzi walinganishe hesabu zao wenyewe badala ya kukariri fomula.