Bibi Anayesahau Si Mchawi

Mwezi huu tuongee juu ya ugonjwa ambao wengi tunauona majumbani lakini hatuujui kwa jina. Mzee anasahau kwamba amekwisha kula. Anauliza jambo moja mara kumi. Anapotea njia ya kisimani aliyoipita miaka 40. Hapo familia hutafuta neno la kueleza, na maneno yanayopatikana kwa kawaida ni haya: "ni uzee tu", "amekuwa mtoto", "ni kichaa", "amerogwa", na lile baya kuliko yote, "anawanga".

Tusiyadharau maneno haya, maana kila moja lina mahali linapompeleka mgonjwa. Tukisema ni uzee tu, anaachwa bila kupimwa. Akiitwa mtoto, anakaripiwa mbele ya wajukuu wake. Akiitwa kichaa, anafungiwa ndani. Ikisemwa amerogwa, mbuzi anauzwa ili apelekwe kwa mpiga ramli, na huko jirani mmoja atatajwa. Na akiitwa mchawi, maisha yake yako hatarini. Katika kanda yetu ya ziwa, Shinyanga, Mwanza na huku kwetu Geita, vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya neno hilo. Wengine walishukiwa kwa macho mekundu tu, kumbe ni moshi wa kuni na wa samadi uliowaumiza macho jikoni kwa miaka mingi.

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Waganga wa hospitali wanauita dimensia. Ni ugonjwa wa ubongo: seli za ubongo zinakufa pole pole, na mtu anapoteza kumbukumbu, maneno na uwezo wa kujihudumia. Aina inayojulikana zaidi ni Alzheimer, iliyopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, hasa kwa wenye shinikizo la damu, kisukari au kiharusi.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala si sehemu ya lazima ya uzee. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, uliona kwamba kati ya kila watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, kama 6 walikuwa na dimensia. Maana yake wengine zaidi ya 90 walizeeka bila ugonjwa huo.

Mambo yanayoleta maneno mabaya

(a) Kutembea usiku. Ubongo ulioathirika huchanganya usiku na mchana. Mzee anatoka akitafuta nyumba ya wazazi wake, anaingia mji wa jirani. Pengine hana nguo, kwa kuwa amesahau namna ya kuvaa au alikuwa anatafuta choo. Anayemkuta anasema anawanga.

(b) Kuwaita marehemu. Mambo ya zamani hubaki kichwani wakati ya jana yamekwisha kufutika. Kwa hiyo anamwita mume aliyekufa zamani kana kwamba yuko nje.

(c) Kusingizia wizi. Ameficha fedha yake, akasahau mahali, na sasa anasema mkamwana ameiba.

(d) Kukiri. Hili ni la hatari sana. Mgonjwa akizungukwa na watu na kuulizwa kwa ukali, "Ni wewe uliyemuua mtoto?", anaweza kuitikia "ndiyo" kwa woga au kwa kutoelewa swali. Maneno ya namna hiyo si ushahidi wa kitu chochote. Sungusungu na viongozi wa vitongoji walijue jambo hili.

Je, lugha inaweza kubadilika?

Inaweza. Sisi wenyewe tulizoea kusema "zeruzeru". Leo watoto shuleni wanafundishwa kusema "mtu mwenye ualbino", yaani kwanza ni mtu. Huko Japani, jina la zamani la dimensia lilikuwa na maana ya upumbavu. Mwaka 2004 serikali ililiacha na kuchagua jina jipya linaloonyesha kwamba ni ugonjwa wa uwezo wa kutambua mambo.

Tuseme na kutenda nini?

1. Tuseme "bibi ana ugonjwa wa kusahau", kama tunavyosema "ana shinikizo la damu". Waambieni mapema majirani, mwenyekiti wa kitongoji na jumuiya yenu, kabla hajapotea usiku.

2. Tuendelee kumwita mama, bibi au babu. Tusimwongelee mbele yake kana kwamba hayupo. Yoshua bin Sira, sura ya 3, anamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zikimpungua.

3. Tutumie sentensi fupi na swali moja moja, tukimtazama usoni. Tuache "si nimekwambia?" na "umesahau tena?"

4. Tusibishane naye. Akimwulizia marehemu mumewe, tusimwambie kila mara kwamba alikufa, maana kwake huo ni msiba mpya. Tumwulize mzee huyo alipenda chakula gani, naye atatulia.

Lini kwenda hospitali?

Mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, hiyo ni dharura. Huenda ni malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au sukari iliyoshuka. Mara nyingi akitibiwa mapema akili humrudia. Hata anayesahau pole pole apimwe, kwa sababu upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi ya shingo, kaswende, VVU na huzuni kubwa huweza kufanana na dimensia, na vyote hivyo vina tiba. Apimwe pia macho na masikio. Dimensia yenyewe haijapata dawa ya kuiponya, lakini kutibu shinikizo la damu, chakula kizuri, usingizi na upole wa nyumbani humsaidia sana.

Vijana wetu wengi wako machimboni na visiwani, na bibi amebaki na wajukuu. Hao ndio watakaoulizwa njiani bibi yao ana nini. Wafundisheni leo jibu la kutoa: "Bibi yetu ni mgonjwa, anasahau. Mkimwona peke yake, mrudisheni nyumbani."