Usukani Uliokataa Kutoka

Ukitoka mji wa Kasese kuelekea kusini, milima ya Rwenzori huwa mkono wako wa kulia. Karibu na Kikorongo, pale mstari wa ikweta unapoikata barabara, unapinda kulia, unapita Kinyamaseke na Kisinga, hatimaye unafika Bwera. Mbele kidogo ni Mpondwe na mto Lhubiriha, mpaka wa Uganda na Kongo. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, wafanyabiashara wa Kasindi, Beni na Butembo huvuka kuja kununua na kuuza, na Kiswahili huwa ndicho kinachowapatanisha bei.

Hadithi yangu inaanzia kwenye ua wa gereji moja hapo Bwera. Chini ya mwembe imesimama pikapu kuukuu, iliyoundwa kabla wazazi wenu hawajazaliwa. Yupo fundi mzee, na yupo msichana anayejifunza kazi kwake. Tumwite Biira, jina ambalo Wakonzo humpa binti wa pili. Mwenye gari amelalamika kwamba indiketa haziwaki. Swichi yake imefichwa nyuma ya usukani, kwa hiyo usukani sharti utoke kwanza.

Biira alipanda, akaushika kwa mikono miwili, akavuta. Haukutikisika. Akaweka goti kwenye dashibodi, akavuta tena hadi jasho likamtoka. Mzee alikuwa akimtazama tu.

"Binti yangu," akasema, "unajua unavuta kitu gani?"

"Usukani, Mzee."

"Na umeshikwa na nini?"

Biira akanyamaza. Hakujua.

"Basi shuka. Tutarudi ukishajua."

Nanyi wasomaji wangu, tushuke pamoja na Biira tuangalie umeshikwa na nini.

Katikati ya usukani kuna sehemu nene ya chuma inayoitwa kitovu. Kitovu kina tundu, na ndani ya tundu hilo inaingia shafti, fimbo ya chuma iendayo chini hadi kwenye boksi linalogeuza magurudumu ya mbele. Ncha ya shafti imechongwa meno madogo pande zote, na tundu la kitovu lina meno ya kupokeana nayo. Ndiyo maana ukizungusha usukani, shafti nayo inazunguka bila kuteleza. Juu ya yote hukazwa nati moja kubwa.

Katika magari mengi ya zamani kuna jambo jingine. Ncha ya shafti si nene sawasawa. Inapungua kidogo kidogo kuelekea juu, na tundu la kitovu limefuata umbo hilo. Nati inapokazwa, kitovu husukumwa chini kwenye sehemu nene zaidi na kubana. Mmewahi kuona jembe la chuma cha kuchongoka lililopigiliwa kwenye mpini wake wa mti? Kila ukilima, chuma huzidi kuingia. Usukani nao uliundwa ushike kwa namna hiyo, kwa sababu usukani unaochomoka gari likiwa kwenye mteremko ni msiba.

Kwa hiyo hata gari jipya huhitaji nguvu kiasi kuuachilia usukani wake. Gari kuukuu lina adui wa ziada, naye ni kutu. Chuma kikipata maji na hewa hugeuka kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Katika upenyo mwembamba kati ya meno na meno, kutu hiyo haina pa kwenda, hivyo inavimba na kubana. Chumvi huharakisha kazi hiyo. Pikapu ya hadithi yetu ilibeba mifuko ya chumvi kutoka ziwa Katwe kwa miaka mingi, na vumbi la chumvi lilipenya kila mahali. Tena kitovu chake ni cha alumini ilhali shafti ni ya chuma. Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye unyevu wa chumvi, moja huanza kuila nyingine, na unga mweupe wa alumini hujaa katikati.

Biira aliposikia hayo akasema, "Kumbe sivuti usukani peke yake. Navuta na chumvi ya Katwe!"

"Sasa unaweza kuanza," akasema Mzee.

Alianza kwa kuchomoa waya wa betri. Honi za magari haya hupitisha umeme katikati ya usukani, na spana ya chuma ikigusa pasipotakiwa hutoa cheche. Kisha akanyoosha magurudumu ya mbele yatazame moja kwa moja. Akabandua kibonyezo cha honi, akaweka springi na vijidude vyake kwenye kopo kwa mpangilio ule ule aliovitoa. Hapo nati ikaonekana.

Kabla ya kuigusa, alichukua panchi na nyundo ndogo, akapiga nukta moja kwenye ncha ya shafti na nyingine kwenye kitovu, zikitazamana. Meno ni mengi, na usukani ukirudishwa jino moja pembeni, gari litakwenda mbele huku usukani umelala upande. Nukta mbili hizo zinazuia usumbufu wote huo.

Mzee akamwonya pia asichukulie kwamba kila gari limefungwa vivyo hivyo. Baadhi ya Land Rover za zamani, kwa mfano, hushika usukani kwa bolti inayobana kitovu kwa ubavuni. Fundi asiyeitazama bolti hiyo anaweza kuvuta mpaka jua lizame.

Biira akailegeza nati kwa soketi na mpini mrefu. Alipotaka kuitoa kabisa, Mzee akamshika mkono. "Iache kwenye nyuzi zake, mizunguko michache tu iwe imelegea."

Sababu ni hii. Usukani uliokwama hauachii polepole. Huachia ghafla, na nguvu zote ulizokuwa ukivutia hugeuka kuwa mwendo wa kuja usoni kwako. Nati iliyobaki juu huukamata usukani kabla haujafika puani. Kuna mafundi waliong'oka meno kwa kuidharau nati hiyo.

Hapo Biira akaitazama nyundo kubwa ukutani. "Mzee, je, nikiipiga shafti kwa juu huku nimevuta usukani?"

Hili ndilo swali ambalo kila mwanagenzi huuliza, na jibu lake ndilo kiini cha hadithi. Ukiigonga ncha ya shafti, pigo haliishii pale. Linashuka na shafti yote hadi kwenye beringi na boksi la usukani, vitu ambavyo havikuundwa kupokea nyundo. Nyuzi za nati nazo hupondeka, na nati haitarudi tena. Katika magari yaliyoundwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kuna hatari zaidi, kwani mengi yana shafti iliyotengenezwa ijikunje wakati wa ajali ili isimchome dereva kifuani. Shafti hiyo haijui tofauti ya ajali na nyundo.

Kuvuta duara la nje nako hakufai. Duara la magari ya zamani ni plastiki ngumu iliyozeeka kwa jua, na hupasuka kabla kitovu hakijasogea.

"Basi tufanye nini?" akauliza Biira.

"Angalia kitovu tena. Pembeni mwa nati unaona nini?"

Akapangusa uchafu kwa brashi. Yakatokea matundu mawili madogo, moja kulia na moja kushoto, na ndani yake mna nyuzi za kuingizia bolti.

Aliyekiunda kitovu hicho alijua kwamba siku moja mtu atataka kukitoa, akamwachia njia. Matundu hayo ni ya kufungia pula. Pula ni kipande kinene cha chuma chenye bolti mbili za pembeni na bolti moja kubwa katikati. Zile za pembeni unazifunga kwenye matundu ya kitovu, na ile ya katikati inakaa juu ya ncha ya shafti. Ukiizungusha, inasukuma shafti chini na wakati huohuo inavuta kitovu juu. Misukumo miwili inakutana hapo hapo kwenye meno, na hakuna kinachoshuka kwenda kuumiza boksi chini. Kwa kitovu kisicho na matundu, kuna pula ya makucha inayokamata kwa nyuma.

Sasa tupige hesabu kidogo. Chukua spana yenye urefu wa sentimita 25. Ukiizungusha duara zima, mkono wako unasafiri karibu sentimita 157. Katika mzunguko huo, bolti yenye nyuzi za kawaida inashuka milimita moja na nusu tu. Mkono umesafiri mara elfu moja zaidi ya bolti, na safari uliyoipoteza unarudishiwa kwa nguvu. Ukivuta spana kwa uzito wa kilo 5, hata msuguano ukila sehemu tisa kati ya kumi, kitovu bado kinavutwa kwa karibu nusu tani. Biira hakuhitaji misuli ya mpagazi.

Hata hivyo Mzee hakumruhusu akaze mpaka mwisho. Walitia mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka meno, wakayaacha yapenye usiku kucha. Asubuhi Biira alifunga pula, akavaa miwani ya kukinga macho, akaikaza mpaka bolti ikawa ngumu, kisha akasubiri. Mzee akaleta kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya moto, akakizungushia kitovu. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu lilifunguka kidogo, chini hata ya nusu ya unene wa unywele. Kidogo hicho kilitosha kupasua kutu. Biira akaongeza robo mzunguko.

Ikasikika sauti kama risasi. Usukani uliruka, ukagonga nati, ukatulia. Biira alicheka kwa nguvu hadi watu wa barabarani wakageuka.

Swichi ilibadilishwa kwa muda mfupi. Kazi ya kurudisha ilimchukua Biira muda zaidi, nami nafurahi ilikuwa hivyo. Alisugua meno kwa brashi ya waya, akakagua kama kuna lililovunjika, akapaka grisi nyembamba ya kuzuia kutu, akalinganisha nukta zake mbili, akaikaza nati sawasawa. Kisha waliizungusha pikapu uani polepole, kushoto na kulia, kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Barabara za milimani hazimsamehi fundi aliyesahau nati.

Onyo moja kwenu. Magari ya siku hizi yana mfuko wa hewa ndani ya usukani, nao hulipuka kwa kasi ya kuumiza. Usukani wa namna hiyo msiuguse, ni wa fundi aliyefundishwa.

Lakini somo la Biira mnaweza kulijaribu leo kwenye baiskeli. Pedali ya kulia hufunguka kama nati nyingine, kwa kuzungushia kushoto. Pedali ya kushoto imekatwa nyuzi za kinyume, ili miguu yako isiilegeze njiani, na hufunguka kwa kuzungushia kulia. Wengi hukanyaga spana kwa uzito wao wote upande usiofaa, wakazidi kuikaza, kisha wakasema imekufa. Haijakufa. Kitu kilichofungwa na mtu kina njia ya kufunguliwa, na kuitafuta njia hiyo huja kabla ya kuongeza nguvu. Tazameni kwanza nyuzi zimeelekea wapi, ndipo mshike spana.