Rekodi za ramu zisizojazwa

Fundi simu yeyote wa Kalangalala, hapa Geita mjini, ameshaulizwa na mteja: boksi limeandikwa ramu GB 2, mbona simu ikiwaka inaonyesha pungufu? Mteja hajaibiwa. Sehemu ya ramu imetengwa mapema kwa ajili ya vifaa vya ndani ya simu, na sehemu nyingine imechukuliwa na kerneli ya Linux, programu iliyo msingi wa kila simu ya Android, ili itunzie rekodi za ramu yenyewe. Leo nazungumzia rekodi hizo, hasa zile ambazo nafasi yake ipo lakini hakuna aliyezijaza.

Kerneli huigawa ramu katika kurasa, na kwa kawaida ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Kila ukurasa una rekodi yake iitwayo struct page, ambayo katika mashine za biti 64 kwa kawaida huchukua baiti 64. Piga hesabu: GB 2 ni kurasa 524,288, hivyo rekodi peke yake zinakula MB 32. Humo ndimo kerneli inamosoma ukurasa uko ukanda gani wa ramu, unatumiwa na wangapi, umefungwa au uko huru.

Wachimbaji wadogo wataelewa haraka hatari iliyopo. Msimamizi akiwa na daftari la maduara, kila duara na mstari wake, mstari mtupu humfanya asimame na kuuliza. Lakini akipewa daftari la zamani ambalo halikufutwa, mstari una jina la mtu aliyeondoka siku nyingi, na mgawo wa mifuko ya mawe unakwenda kwa asiyestahili. Ramu nayo haiji safi. Nafasi ikitengwa kwa ajili ya rekodi, huja na mabaki ya kilichokuwamo, na kerneli ikiyasoma itayaamini.

Dawa ya miaka mingi ilikuwa kujaza sifuri kwanza, kisha kuandika rekodi moja moja. Kwenye mashine zenye terabaiti za ramu kazi hiyo ilichelewesha sana kuwaka. Linux 4.2 ya mwaka 2015 ilileta kazi ya Mel Gorman: kerneli iandae sehemu tu ya rekodi mwanzoni, na zilizobaki zimaliziwe kwa pamoja na vichakataji kadhaa. Mwishoni mwa 2017 Pavel Tatashin, akiwa Oracle, akaondoa hata ile hatua ya kujaza sifuri, kwa kuwa kila rekodi ingeandikwa tu baadaye. Kwa wanaosaka hitilafu, rekodi zinaweza kujazwa biti zote moja, alama ambayo watu wa kerneli huiita sumu.

Mimi naiunga mkono sumu hiyo kwa moyo wote. Rekodi yenye sifuri tupu inasomeka kama ukurasa halali wa ukanda wa kwanza katika nodi (fungu la ramu) ya kwanza. Huo ni uongo unaofanana na ukweli, na unaweza kuishi miaka bila kugundulika. Rekodi yenye moja tupu hailingani na ukurasa wowote. Ukaguzi ukiwashwa, kerneli inasimama palepale na kusema ukurasa huu haujaandaliwa.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 2018 kwenye mashine kubwa za IBM. Kerneli iliwashwa kwa kikomo cha ramu cha MB 2,050. Wakati huo kerneli ilipanga ramu ya mashine hizo kwa vipande vya MB 256, na vipande vinane ni MB 2,048 kamili. Zile MB 2 za ziada ziliangukia kipande cha tisa, ambacho MB 254 zake hazikuwa na ramu yoyote, wala rekodi zake hazikuandaliwa. Kisha mtu alipouliza tu habari za kipande hicho kupitia faili za mfumo, kerneli ilizipitia rekodi za kipande, ikakutana na sumu, ikaanguka.

Tiba ya kwanza ilikuwa kuandaa rekodi za kipande kizima. Mwanzoni mwa 2019 ikaondolewa, kwa sababu ilichukulia kwamba kipande kimoja ni cha nodi moja, na kulikuwa na mashine ambazo sivyo, moja ikashindwa kuwaka. Tiba iliyofuata ilikuwa ya unyenyekevu zaidi: anayezipitia rekodi asivuke mwisho wa ukanda.

Oktoba 2019 David Hildenbrand wa Red Hat aliziba matundu mengine. Faili tatu za taarifa, kpagecount, kpageflags na kpagecgroup, zilikuwa zinasoma rekodi za ramu iliyochomekwa lakini haijawashwa rasmi. Kuwapo kwa nafasi ya rekodi kulikuwa kumehesabiwa kama uthibitisho kwamba rekodi imejazwa. Marekebisho yaliweka hapo amri ya pfn_to_online_page, inayorudisha rekodi pale tu kipande kimewashwa.

Simu ya mkononi hupata ramu yake yote inapowaka, kwa hiyo hitilafu hizi za kuongeza na kuondoa ramu huzigusa zaidi seva, hasa mashine pepe ambazo ramu yake huongezwa na kupunguzwa zikiwa kazini. Lakini kerneli ni ileile ya Linux, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Kijana wa Geita unayejifunza lugha ya C, pakua msimbo huo, fungua fs/proc/page.c, faili isiyo ndefu, uone swali gani linaulizwa kabla rekodi haijasomwa. Kisha rudi kwenye programu yako mwenyewe, utafute kila mahali unaposoma thamani ambayo hukuiandika.