Printa Moja, Ofisi Nzima: Jinsi ya Kuitumia Pamoja Bila Kununua Bando

Chukua mfano wa ofisi ndogo ya kikundi cha wavuvi au cha kina mama huku kwetu pwani. Mkutano wa wanachama ni saa nne asubuhi. Katibu amemaliza kuandika kumbukumbu za mkutano uliopita pamoja na orodha ya wanachama. Printa ipo, lakini imeunganishwa kwa waya na kompyuta ya mweka hazina, naye hajafika. Basi katibu anaweka orodha kwenye flashi, anapanda bodaboda hadi saiba, analipia kila ukurasa na kurudi mkutano ukiwa umeshaanza. Zaidi ya nauli na muda, ameacha nyuma yake, kwenye kompyuta ya watu, majina ya wanachama, nambari zao za vitambulisho na nambari zao za simu.

Shida hii ina dawa, tena si ghali. Kompyuta zote za ofisi zinaweza kutumia printa moja, na kazi hiyo haihitaji intaneti.

Kutumia kitu kwa pamoja si jambo geni Kuruwitu. Mwaka wa 2003 wakazi waliunda chama cha uhifadhi na ustawi kinachojulikana kama KCWA, na baadaye wakatenga takriban hekta 30 za bahari zisivuliwe ili samaki wapate kuzaana. Mwaka wa 2017 chama hicho kilitunukiwa Tuzo ya Ikweta, inayotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP. Bahari ni ya wote, lakini ina kanuni zake. Printa ya ofisi nayo iko hivyo hivyo: ifunguliwe kwa wote, kisha iwekewe utaratibu.

Mtandao wa ofisi si intaneti

Watu wengi hudhani kwamba bando likiisha, printa ya mtandao haifanyi kazi. Sivyo. Kile kisanduku kinachotoa waifai, yaani rauta, kina kazi mbili. Ya kwanza ni kuunganisha ofisi na intaneti. Ya pili ni kuunganisha vifaa vya ofisi vyenyewe kwa vyenyewe. Kazi hii ya pili haitumii bando hata kidogo. Ukurasa unatoka kwenye kompyuta ya katibu, unapita kwenye rauta na kufika kwenye printa bila kutoka nje ya jengo.

Hata historia ya teknolojia hii imefungamana na printa. Mwaka wa 1973, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, Robert Metcalfe alibuni mtandao wa nyaya ulioitwa Ethernet. Sababu mojawapo ilikuwa kuziwezesha kompyuta nyingi za kituo hicho kutumia printa moja ya leza. Nyaya za mtandao zinazotumika maofisini leo zimetokana na kazi hiyo.

Njia mbili za kuunganisha

Njia ya kwanza inafaa printa ya kawaida yenye waya wa USB pekee. Printa hubaki kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo huwa mwenyeji. Kwa kompyuta zinazotumia Windows, fungua mipangilio, ingia sehemu ya printa, chagua printa yako, fungua sifa zake, kisha uweke alama kwenye sehemu ya kuishirikisha na uipe jina fupi. Hakikisha mtandao umewekwa kuwa wa binafsi, si wa umma. Ukiwa wa umma, kompyuta hujificha na wenzake hawataiona. Baada ya hapo kila kompyuta nyingine inaongeza printa hiyo kwa kuitafuta kwa jina. Udhaifu wa njia hii ni mmoja: kompyuta mwenyeji ikizimwa au ikilala, hakuna anayechapisha. Kwa hiyo mwenyeji awe kompyuta inayobaki ofisini na kuwashwa kila siku, si laptopu ya mtu anayeondoka nayo.

Njia ya pili ni bora zaidi: printa yenye waifai au tundu la waya wa mtandao inaunganishwa moja kwa moja na rauta. Hapo haitegemei kompyuta ya mtu yeyote, na printa nyingi za siku hizi hupokea kazi hata kutoka kwa simu. Kama kikundi chenu kinapanga kununua printa, ulizeni dukani kama ina uwezo huo kabla ya kulipa.

Ukiweza kuchagua, tumia waya wa mtandao badala ya waifai. Kuta nene za mawe ya matumbawe hupunguza nguvu ya waifai kutoka chumba hadi chumba. Waya wa mtandao wa kawaida unaweza kufika mita 100.

Stima ikirudi, printa imepotea

Hili ni lalamiko la kawaida. Jana kila mtu alichapisha. Usiku stima ikapotea. Leo kompyuta zinasema printa haipo, ingawa imewaka mbele ya macho yenu. Sababu yake ni kwamba rauta hukipa kila kifaa nambari ya anwani. Stima ikikatika na kurudi, printa inaweza kupewa nambari mpya, huku kompyuta zikiendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani.

Dawa ni kuitengea printa nambari moja ya kudumu ndani ya mipangilio ya rauta. Fundi akija, mwambie afanye hivyo, kisha aandike nambari hiyo kwenye kibandiko juu ya printa. Kazi ya dakika chache itawaokoa na gharama ya kumwita tena kila stima inapokatika.

Hewa ya pwani nayo ina unyevu. Karatasi iliyoachwa wazi hunyonya maji, ikajikunja na kukwama ndani ya mashine. Weka karatasi kwenye pakiti yake, toa zinazohitajika tu, na uifunike printa baada ya kazi ikishapoa, ili vumbi na hewa ya chumvi visiingie.

Kinachochapishwa ni siri ya mtu

Vikundi vya kusimamia fuo, BMU, hutunza sajili ya wanachama na kumbukumbu za samaki wanaovuliwa. Vikundi vya akiba hutunza orodha za michango na mikopo. Hizi ni taarifa za watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Zikivuja na kuwa na hatari ya kweli ya kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 baada ya uvujaji kugunduliwa.

Kwa printa ya pamoja, hatua hizi zinasaidia:

- Badilisha nenosiri la rauta na la printa lililotoka kiwandani. Usilibandike ukutani.
- Wageni wapewe waifai ya wageni, iliyotengwa na ile ya ofisi. Rauta nyingi zina uwezo huo.
- Anayechapisha orodha yenye majina asimame kando ya printa na achukue karatasi zake papo hapo. Kama printa ina uwezo wa kusubiri nambari ya siri kabla ya kutoa ukurasa, utumieni.
- Kurasa zilizoharibika zenye nambari za vitambulisho zichanwe. Zisiwe za kufungia mahamri wala za kuchorea watoto.
- Mashine kubwa za kunakili na kuchapisha huweza kuhifadhi kazi ndani yake. Kabla ya kuiuza au kuitoa, mwombe fundi aifute.

Na wewe mkazi unayepeleka nakala ya kitambulisho ofisini au saiba, una haki ya kuomba faili lako lifutwe kwenye kompyuta na kwenye simu ulikolituma. Uliza bila haya, na usiondoke kabla ya kuona limefutwa.

Kikundi chako kikikutana tena, ongezeni ajenda moja: nani anachapisha, nani ananunua wino, na nani anashika nenosiri. Andikeni majina matatu kwenye kumbukumbu. Mkutano unaofuata, katibu hatahitaji bodaboda.