Usiiamini jeki na uhai wako unapolala uvunguni mwa gari

Na MWANDISHI WETU

NI Jumamosi asubuhi katika mtaa wa Kitisuru, magharibi mwa jiji la Nairobi. Kwenye ua uliozungukwa na miti mirefu, gari kubwa limeinuliwa upande mmoja kwa jeki. Kando ya gurudumu lililotolewa kuna kisanduku cha spana na kitambaa chenye grisi. Binadamu haonekani ila miguu miwili iliyochomoza kutoka uvunguni. Huenda mwenye miguu hiyo ni fundi aliyeitwa kwa simu kutoka Kangemi. Huenda ni dereva wa familia, au mwenye gari mwenyewe aliyeamua kuokoa pesa za gereji.

Mandhari hii ni ya kawaida kiasi kwamba hakuna anayeishangaa. Ilhali baina ya kifua cha mtu huyo na chuma chenye uzani wa tani mbili au zaidi, hakuna kizuizi ila kipete cha mpira kilichomo ndani ya jeki. Kipete hicho kikichakaa, au takataka ndogo ikiingia kwenye vali, gari litashuka pasipo kubisha hodi.

Wahenga walisema kuwa ajali haina kinga. Kwa ajali ya aina hii msemo huo hauna nguvu, kwa maana kinga ipo, inafahamika na bei yake si kubwa. Kanuni yenyewe ni fupi: jeki imeundwa kuinua gari, haikuundwa kulishikilia. Kazi ya kulishikilia ni ya stendi za chuma. Asiye na stendi hana ruhusa ya kuingia uvunguni.

Kwa nini jeki huanguka

Jeki ya mafuta, iwe ile ndogo yenye umbo la chupa au ile ndefu yenye magurudumu, hufanya kazi kwa kusukuma mafuta kutoka kwenye silinda nyembamba hadi kwenye silinda pana. Nguvu ndogo ya mkono huzidishwa mara nyingi na gari zito huinuka. Lakini mzigo wote hubaki umekalia mafuta hayo, na mafuta hayana pengine pa kushikwa ila kwenye vipete vya mpira na vali moja ndogo. Mkwaruzo mdogo kwenye silinda watosha kuyaruhusu yarudi yalikotoka. Wakati mwingine gari hushuka polepole, wakati mwingine hushuka kwa mpigo mmoja.

Jeki ya skurubu inayokuja na gari kutoka kiwandani haina mafuta, ila ina udhaifu wake. Kitako chake ni chembamba na miguu yake hukunjika kama mkasi. Ilikusudiwa kazi moja tu, nayo ni kubadilisha gurudumu lililopata pancha huku mwenye gari akiwa nje. Gari likisukumwa kidogo upande, kwa mfano fundi anapovuta nati iliyokaza, jeki hiyo huinama kisha ikalala.

Kuna jambo jingine ambalo madereva wengi hawalifahamu. Gari la gia otomatiki linapowekwa kwenye herufi P, kinachofungwa ni gia, na gia huyashika magurudumu yanayoendeshwa na injini pekee. Iwapo injini inaendesha magurudumu ya mbele na moja kati ya hayo likainuliwa, gurudumu lililo hewani huwa huru kuzunguka. Kwa sababu hiyo mwenzake aliyebaki chini naye anaweza kubingirika. Breki ya mkono nayo, katika magari mengi, hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma ya gari umeipokonya kazi.

Mteremko na udongo wa Kitisuru

Kitisuru ni mtaa wa vilima na mabonde. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko, na njia ya kutoka langoni hadi mlangoni huteremka au hupanda. Gari la kilo 1,500 likisimama mahali panaposhuka mita moja kwa kila mita kumi, huvutwa kuelekea chini kwa nguvu inayokaribia uzani wa kilo 150. Nguvu hiyo haipumziki wakati wote fundi anapofanya kazi.

Hatari ya mteremko wa nyumbani haihitaji hata jeki. Mnamo Juni 2016, mwigizaji wa filamu Anton Yelchin alifariki nyumbani kwake Los Angeles, Marekani, gari lake lilipobingirika kwenye njia yenye mteremko na kumbana kwenye nguzo ya lango. Ikiwa gari lililosimama kwa magurudumu manne laweza kufanya hivyo, lililosimama kwa matatu na jeki litashindwaje?

Kisha kuna udongo. Ardhi ya Kitisuru na Kabete ni ile nyekundu inayopendwa na wakulima. Katika msimu wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli kuanzia Oktoba, udongo huo hulainika na kumeza chochote kizito chenye kitako kidogo. Hata mahali palipotandikwa kabro, chini yake kuna mchanga unaoweza kutitia.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hayo miaka mingi iliyopita. Nilikuwa nimeinua gari langu uani, siku moja baada ya mvua, nikiwa karibu kuingia chini kutazama bomba la moshi. Mgeni akabisha langoni, nikaenda kumfungulia. Niliporudi, gari lilikuwa limekaa kitako na jeki imelala ubavu, nusu yake ikiwa imezama ardhini. Mgeni huyo hajui hadi leo kwamba alikuja kuniokoa.

Hatua za kufuata

Kwanza, chagua mahali tambarare na pagumu, hasa sakafu ya saruji. Ikiwa ua wote una mteremko, usifanye kazi hiyo nyumbani. Peleka gari kwenye kituo cha petroli au gereji yenye shimo au mtambo wa kuinulia magari. Nauli ya teksi ya kurudi nyumbani ni nafuu kuliko jeneza.

Pili, vuta breki ya mkono, weka gia ya kwanza au P, zima injini na utie ufunguo mfukoni mwako. Zuia kwa kabari, mbele na nyuma, magurudumu yatakayobaki chini. Hakikisha kuwa hakuna mtu ndani ya gari, na watoto na mbwa wamezuiwa mbali.

Tatu, ikiwa gurudumu litatolewa, legeza nati zake kabla ya kuliinua gari. Weka jeki mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari, wala si popote penye chuma.

Nne, weka stendi mbili chini ya sehemu imara za gari, kisha ulishushe gari taratibu hadi uzani wote ukae juu ya stendi. Soma uwezo wa tani uliochapishwa juu yake na uhakikishe kuwa pini au meno yake yameshika barabara. Iache jeki ikigusa gari kama mlinzi wa pili, na ulaze gurudumu lililotolewa chini ya ubavu wa gari liwe mlinzi wa tatu.

Tano, kabla ya kuingia, lisukume gari kwa mikono yote miwili. Likitikisika juu ya stendi, shusha na uanze upya. Ni afadhali lianguke ukiwa nje.

Sita, usifanye kazi hiyo ukiwa peke yako. Awepo mtu mzima karibu, mwenye simu, anayejua jeki ya pili iko wapi. Na injini isiwashwe mtu akiwa uvunguni, kwa sababu yoyote ile.

Swali huulizwa kuhusu mawe. Mafundi wengi hutumia jiwe la kujengea au tofali badala ya stendi. Jiwe hubeba ukuta vyema kwa kuwa uzani umeenea juu yake lote. Likikandamizwa na ncha moja ya chuma huweza kupasuka ghafla bila kutoa ishara. Jiwe lifae kuwa kabari ya gurudumu, si nguzo ya gari.

Hata stendi zenyewe hukaguliwa. Mnamo 2020, kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliwataka wateja warudishe stendi zaidi ya milioni 1.7 baada ya kubainika kwamba meno ya baadhi yazo yangeweza kuachilia mzigo. Nchini Australia, jeki na stendi za magari zimewekewa viwango vya lazima kisheria. Mnunuzi anayezunguka maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga hapa Nairobi atazame uimara wa viungo vilivyochomelewa na unene wa chuma, na asinunue stendi isiyo na alama ya uzani inaoweza kuubeba.

Gari likianguka

Gari likimwangukia mtu kifuani, kinachoua kwa haraka ni kukosa pumzi, kwani mbavu haziwezi kupanuka. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache bila hewa. Kwa hivyo aliye karibu asianze kumvuta majeruhi miguu, wala asiingie chini mwenyewe. Aite watu kwa sauti, azuie magurudumu, ainue gari kwa jeki ya pili na kulitegemeza kwa chochote kilicho imara, huku mwingine akipiga 999 au 112, au nambari ya dharura ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199. Majeruhi akishatolewa apelekwe hospitalini hata akisema yu mzima, kwa sababu damu huweza kuvuja ndani bila kuonekana.

Nani analala chini?

Limebaki suala ambalo halina spana wala nati. Katika mitaa kama Kitisuru, mwenye gari si mara nyingi analala uvunguni. Anayelala ni kijana aliyekuja kwa bodaboda na mfuko wa vifaa, mwenye jeki moja na haraka ya kumaliza ili awahi kazi nyingine. Akiambiwa hakuna stendi, hatakataa kazi. Ana watoto wanaosubiri unga.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, iwe kwa muda au daima. Lakini hakuna mkaguzi wa serikali atakayebisha lango la nyumba yako Jumamosi asubuhi. Mkaguzi wa pekee ni wewe mwenye ua. Jozi ya stendi haifikii bei ya gurudumu moja jipya la gari hilo kubwa, nayo itadumu miaka mingi ikitunzwa.

Kwa hivyo, msomaji, fundi atakapofika wikendi hii, kabla hujamwonyesha gari mwonyeshe stendi. Na ikiwa huna, mwambie mwende gereji, umlipe na muda wake wa safari. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu humkuta mjane wa mtu mwingine.