Je, Wajua? Jina Kubwa Bila Chama

Je, wajua kwamba karatasi ya kura ya urais waliyopewa wapiga kura wa wadi ya Mowlem, Nairobi, Agosti 2017 ilikuwa na wagombea wanane, na watatu kati yao hawakuwa na chama? Mmoja wao alikuwa Joseph Nyagah.

Je, wajua alitoka nyumba gani? Babake, Jeremiah Nyagah, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 na akabaki bungeni hadi 1992. Norman, nduguye Joseph, alikuwa mbunge wa Kamukunji, papa hapa Eastlands. Mwingine, Nahashon, aliwahi kuwa gavana wa Benki Kuu. Ukiwaalika chakula cha jioni, andaa na ajenda.

Je, wajua Joseph mwenyewe alikuwa kwenye Pentagon, kundi la vigogo wa ODM, mwaka 2007, bega kwa bega na Raila, Mudavadi, Ruto, Balala na Ngilu? Mwaka huohuo Mchungaji Mutava Musyimi akambwaga katika ubunge wa Gachoka. ODM ikamteua mbunge, akawa Waziri wa Ushirika.

Je, wajua kuanzia 1968 hadi katiba ya 2010, sheria haikumruhusu Mkenya kuwania ubunge bila tiketi ya chama?

Sasa hesabu ninayoipenda. Anayetaka urais, awe na chama au asiwe nacho, hukusanya saini 2,000 katika kila mojawapo ya kaunti zisizopungua 24. Hizo ni 48,000. Nyagah alipata kura 42,000 na ushei! Kumtilia mtu saini, kumbe, si kumpigia kura. Hata hivyo alishika nafasi ya tatu, nyuma ya Uhuru na Raila, akiwaacha Dida, Aukot na Jirongo waliokuwa na vyama vyao.

Je, wajua mgombea huru wa uwakilishi wadi Mowlem anahitaji saini 500 tu? Ploti chache za ghorofa zinatosha, mradi wapangaji wamejiandikisha papo hapo na si kijijini.

Je, wajua mbunge aliyechaguliwa Embakasi Magharibi, eneo lenye wadi ya Mowlem, mwaka 2022, Mark Mwenje, ni mwana wa marehemu David Mwenje, aliyewakilisha Embakasi kabla haijagawanywa kuwa maeneobunge matano? Mark hakujaribu bahati ya Nyagah: alisimama kwa tiketi ya Jubilee.

Na ugavana wa Nairobi 2017? Peter Kenneth, baada ya kushindwa na Sonko katika mchujo wa Jubilee, aliwania kama mgombea huru. Miguna Miguna pia. Sonko akashinda.